Ruhusa Kwanza, Mpira Baadaye: Wanawake wa Unguja Waliobeba Timu Mabegani

Wapenzi wa anime mtamkumbuka Minami, yule binti wa sekondari kwenye hadithi ya Kijapani inayojulikana kama Moshidora. Anapewa umeneja wa timu ya besiboli ya shule yao, timu imechoka, wachezaji hawana mzuka. Anaenda duka la vitabu kutafuta kitu cha kumfundisha kazi, anatoka na kitabu cha Peter Drucker, mtaalamu wa uongozi wa makampuni! Riwaya hiyo ya Natsumi Iwasaki ilitoka 2009, ikauza nakala zaidi ya milioni 2, na mwaka 2011 ikawa anime na filamu. Minami haendi uwanjani kucheza. Kazi yake ni kumjua kila mchezaji, kujua anataka nini na anakwamishwa na nini.

Minami ni wa kubuni. Unguja wapo wa kweli, na wao walikuwa na kibarua ambacho Minami hakukutana nacho: kuwashawishi watu kwamba msichana kuwa na timu si uhuni.

Turudi nyuma kidogo. Wengi hawajui kwamba mashindano ya kwanza kabisa ya CECAFA kwa wanawake yalifanyika Zanzibar, mwaka 1986. Ndiyo, hapo hapo visiwani, kabla hata ya Kombe la Dunia la wanawake la FIFA, lililoanza 1991. Miaka hiyo hiyo ya themanini ndipo ilipozaliwa Women Fighters, timu ya wanawake iliyokuja kuwa jina kubwa kuliko zote Unguja. Basi ungetegemea moto uwake. Haukuwaka. Baada ya 1986, CECAFA ya wanawake ililala miaka 30 mizima.

Katikati ya ukimya huo, kuna watu waliendelea kufunga kamba za viatu. Mmoja wao ni Nassra Juma Mohammed, aliyeichezea Women Fighters kisha akawa kocha wake. Huyu ndiye Minami wetu, ila bila duka la vitabu la kukimbilia.

Dunia ilimjua kupitia filamu ya Zanzibar Soccer Queens ya mwaka 2007. Aliyeitengeneza ni Florence Ayisi, mzaliwa wa Kamerun, yule yule aliyeongoza Sisters in Law pamoja na Kim Longinotto, filamu iliyopata tuzo Cannes mwaka 2005. Ayisi alielekeza kamera kwa Women Fighters, na kilichoonekana si magoli tu. Wachezaji wanaeleza maisha: baba hataki, mume hataki, majirani wanasema. Wapo walioona mpira si mchezo wa mwanamke wa Kiislamu, hasa kwa kaptula mbele ya macho ya wanaume. Wapo waliowaita wahuni waziwazi. Na wao wenyewe ni Waislamu, wanatoka nyumbani na mitandio yao kama mabinti wengine wa mtaani, wanaenda mazoezini, wanarudi kupika.

Hapa ndipo ugumu wa kuendesha timu ulipo. Kocha wa timu ya wanaume akipanga kikosi anawaza nani mgonjwa, nani ana kadi. Kocha wa timu ya wanawake ana swali moja la ziada: nani ameruhusiwa? Straika mzuri akiolewa na mume akikataa, habari imeisha. Unaweza kumlea mchezaji miaka mitano, ukampoteza Jumapili moja kwenye harusi huku unapiga vigelegele.

Filamu ilisaidia kubadili maongezi. Timu nyingine nazo zikapata macho, mfano New Generation Queens, ambao nao walitengenezewa filamu yao. Ayisi mwenyewe alirudi, na mwaka 2016 akatoa Zanzibar Soccer Dreams akiwa na Catalin Brylla, kuangalia wale mabinti wamefikia wapi.

Mwaka huo huo, CECAFA ya wanawake ikafufuka huko Jinja, Uganda. Zanzibar Queens wakaenda. Walipangwa na Uganda, Kenya na Burundi, wakapoteza mechi zote tatu, tena kwa magoli mengi. Kombe likachukuliwa na dada zao wa bara, Kilimanjaro Queens, waliowafunga Kenya 2-1 kwenye fainali. Mitandaoni watu walicheka sana. Lakini fikiria vizuri: kisiwa kilichoandaa mashindano ya kwanza kilifika ya pili baada ya miaka 30, na katika miaka hiyo yote walioshikilia mpira wa wanawake ni akina mama wachache wenye moyo.

Desemba 2017, Zanzibar Heroes ya wanaume ilifika fainali ya CECAFA nchini Kenya, ikatoka sare 2-2 na wenyeji, ikafungwa kwa penalti. Waliporudi Unguja walipokelewa kama mashujaa, na walistahili. Swali ni kwa nini Queens hawakuwahi kupata hata robo ya upendo ule, wakati wao kabla ya kufika uwanjani wameshacheza mechi nyingine nyumbani, ya kumshawishi baba au mume.

Queens hawakususa. Mwaka 2019 CECAFA ya wanawake ilipofanyika Dar es Salaam, walikuwepo tena.

Kwa hiyo siku ukisikia wanawake wana mechi Mao Zedong pale Kikwajuni, nenda. Na ukiwa na mdogo wako wa kike anayepiga danadana uani, usimwambie aache. Mpelekee mama maombi yake, kisha ongea na baba. Kazi ya meneja huanzia hapo.