Benki ya mahamali na wachuuzi wanawake wa Ahmedabad

AKINA mama wanaobeba mizigo sokoni, wanaouza mboga kando ya barabara au kushona nguo nyumbani kwa malipo ya kila kipande hawakuhesabiwa kuwa wafanyakazi nchini India kwa miaka mingi. Leo wana chama chenye wanachama zaidi ya milioni mbili na benki wanayoimiliki wenyewe. Chimbuko lake ni mvutano uliozuka jijini Ahmedabad, jimbo la Gujarat, mapema katika miaka ya sabini.

Chama hicho ni Self-Employed Women's Association, kwa kifupi SEWA, neno ambalo kwa Kihindi na Kigujarati lina maana ya huduma. Mwasisi wake, Ela Bhatt (1933-2022), alikuwa wakili aliyeongoza kitengo cha wanawake katika chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo.

Mwaka wa 1971 mahamali wanawake wa soko la vitambaa walimwendea wakilalamikia ujira duni. Bhatt aliandika makala gazetini kueleza masaibu yao. Wafanyabiashara nao wakajibu kwa makala yao, wakikana madai hayo na kudai kwamba huwalipa wanawake hao vizuri. Badala ya kuendeleza malumbano, kitengo kilichapisha maneno hayo ya wafanyabiashara kwenye kadi na kuwagawia mahamali, ili kila tajiri akumbushwe ahadi yake wakati wa malipo. Ni nadra kuona hoja ya mpinzani ikitumiwa kwa werevu kiasi hicho.

SEWA ilipoomba kusajiliwa, msajili wa vyama vya wafanyakazi alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba wanawake hao hawakuwa na mwajiri, basi wangepigania haki zao dhidi ya nani? SEWA ilijibu kuwa chama huundwa kwa ajili ya umoja wa wafanyakazi, si lazima kiwe cha kupambana na mtu. Usajili ulipatikana Aprili 1972.

Hata hivyo, umoja peke yake haukumwondolea mchuuzi adha ya madeni. Mama mboga wa Ahmedabad alikopa mtaji alfajiri na kuulipa jioni pamoja na riba, kiasi kwamba sehemu kubwa ya faida iliishia mikononi mwa mkopeshaji. Mabenki ya serikali, ambayo yalitakiwa kuwakopesha maskini, hayakuwazoea wateja waliofika na watoto mgongoni wakiwa wamebeba sarafu. Wanachama wenyewe ndio waliopendekeza kuanzisha benki yao.

Mwaka wa 1974 wanawake wapatao 4,000 walichanga rupia 10 kila mmoja kununua hisa. Hapa pia kikazuka kikwazo, kwani waanzilishi wengi hawakujua kusoma wala kuandika, na stakabadhi za usajili zilihitaji saini. Walifunzwa kuandika majina yao, na benki ya ushirika ikasajiliwa mwaka huo huo. Kwa wateja wasiojua kuandika, picha ya mwenye akaunti katika kitabu cha akiba ilitumika kumtambulisha.

Akaunti huwa kwa jina la mwanamke mwenyewe. Mkopo humsaidia kulipa madeni ya riba kali, kukomboa vito alivyoweka rehani au kununua cherehani na mkokoteni.

Mwaka wa 1981 zilizuka ghasia za kupinga nafasi walizotengewa Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa, katika vyuo vya udaktari. SEWA iliwatetea Wadalit, na chama kikuu kikaifukuza. Pigo hilo halikuiua, kwani tayari ilikuwa na benki na vyama vyake vya ushirika.

Mwaka wa 1979 Bhatt alikuwa miongoni mwa waliounda mtandao wa Women's World Banking, pamoja na Esther Ocloo wa Ghana. Kenya Women Finance Trust, iliyoanzishwa 1981, ilijiunga na mtandao huo. Tofauti kati yao inafaa kuangaliwa na kila anayeendesha chama cha akina mama. Taasisi ya Kenya ilianza kwa kukopesha, na ikapata leseni ya kupokea amana za umma mwaka wa 2010 tu, ilhali ile ya Ahmedabad ilitegemea akiba na hisa za wanachama tangu siku ya kwanza. Anayekopeshwa fedha za jirani yake huona uzito wa kutolipa.

Benki haikuweza kuwazuia polisi kuwafurusha wachuuzi. Hilo lilipiganiwa mahakamani na bungeni, na sheria ya kitaifa ya kuwalinda wachuuzi wa barabarani ikapitishwa India mwaka wa 2014, miaka 42 baada ya chama kusajiliwa. Inataka kila mji uwe na kamati ya kugawa maeneo ya biashara, ambamo wawakilishi wa wachuuzi wasipungue asilimia 40 na thuluthi moja ya hao wawe wanawake.