Boriti Zilizokataliwa

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua neno boriti kutokana na ile habari ya jicho na kibanzi. Sisi tuliokulia Lamu tulilijua kwa kulala chali. Ukilala chumbani kwa babu yangu ukatazama juu, unaziona: miti ya mkoko, imepangwa toka ukuta hadi ukuta, imebeba mawe na chokaa ya dari. Mbili kati yake zimepinda. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini hakuchagua nzuri. Akacheka. "Nzuri zimekwenda Arabuni, mjukuu wangu. Hizi zilikataliwa."

Jibu lile lina historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Katika karne ya 10, mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari tajiri ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyotoka nchi ya Zanj, yaani huku kwetu. Karibu miaka 1,000 baadaye, katika msimu wa 1938 na 1939, Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na chombo cha Kuwait hadi delta ya Rufiji, na shehena waliyoifuata ilikuwa ileile: mikoko. Kule Ghuba miti hiyo wanaiita chandal. Jangwani hakuna mti wa kuezekea nyumba. Mkoko ni mgumu, hukua umenyooka, na mchwa hauuwezi kirahisi. Urefu wake ndio ulioamua hata upana wa vyumba, huku na kule: mita 3 hivi, basi.

Sasa jiulize: mnunuzi yuko Kuwait, mkataji yuko Lamu, katikati kuna bahari nzima. Ubora unalindwaje? Kwa majina. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa: kila jina ni unene wake. Boriti ya Lamu ni ya sentimita 11.5 hadi 13.5 hivi. Ikiwa nyembamba zaidi ni mazio, ikiwa nene zaidi ni nguzo. Na hesabu ilikwenda kwa korija, miti 20. Ukisema "korija tano za boriti", nahodha na mkataji wote wameelewa, hata kama hawasikilizani vizuri lugha. Sijui kama kuna msamiati mwingine wa Kiswahili uliofanya kazi ya cheti namna hii.

Lakini cheti kina mwenye kukisoma. Babu alikuwa mkataji. Walikwenda mikokoni kwa mashua, wakakaa huko wiki kadhaa, wakikata maji yakitoka na kupakia maji yakijaa. Wakirudi, miti ililazwa ufukweni, na mtu wa nahodha akapita. Aliinua ncha ya mti, akafumba jicho moja, akautazama hadi mwisho kama anayelenga bunduki. Uliopinda, kando. Uliopasuka, kando. Wenye tundu, kando. Wakati mwingine alitamka tu kwamba boriti hii ni mazio, na bei ikashuka hapohapo. Utabisha vipi? Mti uliokwisha kukatwa haurudi kwenye shina lake. Zile mbili za babu zilitolewa katika korija moja, akatakiwa kuzifidia kwa nyingine. Akazibeba begani hadi nyumbani, bila senti.

Mimi simlaumu mtu wa nahodha. Alikuwa akijibu kwa mwenye nyumba aliyeko mbali, na dari ikianguka lawama ni yake. Tatizo ni kwamba jicho lile lilikagua mti, halikukagua msitu. Soko lilitaka miti ya unene wa kati, iliyonyooka, kwa hiyo wakataji wakaifuata hiyo na kuiacha iliyopinda. Mkoko wenyewe ukikatwa hauchipui tena kisikini kama mchu. Unategemea mbegu za wenzake waliobaki. Na waliobaki ni akina nani? Ni wale waliokataliwa. Msimu baada ya msimu, ukaguzi uliolinda dari za Ghuba ulikuwa ukiuachia msitu wetu makombo.

Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza mikoko nje. Kufikia hapo Kuwait ilikuwa na mafuta, saruji na nondo, na mnunuzi hakuuhitaji mti wetu kama zamani. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha hata ukataji wenyewe, na familia za Lamu zilizoishi kwa shoka zikakaa bila kazi. Deni la karne nyingi likamkuta aliyelipwa kidogo kuliko wote.

Siku hizi mnunuzi wa mbao ngumu huko nje anaweza kudai cheti kinachouliza kama msitu zilikotoka bado umesimama. Ni swali zuri. Lingekuwa zuri zaidi kama lingeulizwa pale ufukweni, wakati miti bado inahesabiwa kwa korija.

Mwaka juzi nilipanda ngazi na futi ya fundi nikazipima zile mbili zilizopinda. Zote zina sentimita 13. Ni boriti halali, kwa jina na kwa unene. Babu ameshafariki, na dari yake haijashuka hata kidogo.