Gunia la Mbolea na Hati ya Ruhusa

Mkulima wa Kiplombe, kando ya mji wa Eldoret, hupanda mahindi yake mvua kubwa zinapoanza; na mimea ikifika magotini huitia mbolea ya kukuzia ijulikanayo kwa herufi tatu, CAN. Sehemu kubwa ya mbolea hiyo ni nitrati ya amonia, nayo ndiyo huyapa mahindi rangi nzuri ya majani na nguvu ya kuzaa. Lakini zingatia, msomaji, kwamba nitrati ya amonia hiyo hiyo hutengenezewa baruti ya kupasulia miamba machimboni, na watu waovu wamepata kuitumia kuua wenzao. Gunia ni moja, njia zilizo mbele yake ni mbili. Serikali ikiliacha lipite mpakani bila kuuliza neno, huenda ikasaidia mauaji katika nchi ya jirani. Ikilizuia kabisa, huenda ikaleta njaa nyumbani kwa mtu asiye na hatia.

Bidhaa za namna hii, zifaazo kwa kazi za raia na kwa vita pia, huitwa bidhaa zenye matumizi mawili. Kuziwekea sheria zinapotoka nchi moja kwenda nyingine ni jambo gumu, wala si jambo geni kwetu. Na tulitazame kwa jicho la historia.

Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa lango kuu la bunduki zilizoingia Afrika Mashariki. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kisiwani, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kwa njia ya pwani hiyo. Bunduki ilimwinda ndovu na kuulinda msafara usiporwe; na bunduki hiyo hiyo ilitumiwa kuvamia vijiji na kuteka watumwa. Aliyeitazama ikiwa dukani hakuweza kujua itafanya kazi gani.

Mataifa 17, Zanzibar ikiwa mojawapo, yalikutana mjini Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 yakakamilisha mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Mkataba huo ulikataza kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo 20 Kaskazini na latitudo 22 Kusini. Bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuuzwa kwa masharti. Bunduki ya kisasa iliruhusiwa kwa mtu aliyetoa dhamana kwamba hatampa wala kumwuzia mwingine, au kwa msafiri aliyechukua hati ya serikali yake kuthibitisha kwamba ni ya kujilinda tu.

Hapa ndipo tuonapo mzizi wa hati zinazotakiwa siku hizi, ambamo mnunuzi hutaja nani atakitumia kitu na kwa kazi gani. Waliotunga mkataba walitambua kwamba haitoshi kuuliza, “Kitu gani hiki?” Swali lao lilikuwa jema. Kasoro ilikuwa katika kuchagua nani apewe nafasi ya kulijibu. Mnandi au Mnyamwezi hakuwa na serikali iliyotambuliwa Brussels, ya kumwandikia hati. Majeshi ya wakoloni, kwa upande wao, hayakuzuiwa. Yaliendelea kuleta bunduki za Maxim, zipigazo risasi mfululizo.

Wanandi, ambao nchi yao imepakana na Uasin Gishu, waliyaona hayo kwa macho yao. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Waingereza waliisifu kuwa njia ya biashara, lakini ilikuwa pia njia ya kupitishia askari. Wanandi nao walitwaa nyaya za simu wakazifanya mapambo, na vyuma vya reli wakavifua kuwa silaha. Basi kila upande ulikuwa umekwisha kujua kwamba kitu cha amani chaweza kuwa kitu cha vita. Upinzani huo ulivunjwa nguvu baada ya kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, kupigwa risasi na Kapteni Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, walipokutana kwa ajili ya mazungumzo.

Miaka michache baadaye swali hilo hilo liliizukia Ulaya, safari hii juu ya mbolea yenyewe. Kabla ya mwaka 1914 Ujerumani ilinunua nitrati kutoka Chile, kwa mashamba yake na kwa baruti yake. Vita Kuu ilipoanza, manowari za Uingereza ziliufunga mlango wa bahari. Lakini Fritz Haber na Carl Bosch walikuwa wamekwisha gundua namna ya kutengeneza amonia kwa naitrojeni ya hewani, na kiwanda cha Oppau kilikuwa kikifanya kazi tangu mwaka 1913. Ujuzi uliotafutwa kwa ajili ya mashamba ukageuzwa kulisha mizinga, na vita vikaendelea hadi mwaka 1918. Kumnyima mtu bidhaa, msomaji, hakutoshi ikiwa anazo mashine na maarifa ya kuitengeneza mwenyewe.

Kwa hiyo sheria za baadaye zilitaja mashine na maarifa pia. Tangu mwaka 1949 Marekani na rafiki zake walikuwa na kamati iliyoitwa COCOM, yenye orodha za vitu visivyotakiwa kufika Urusi na nchi zilizokuwa upande wake. Kamati hiyo ilivunjwa mwaka 1994, na mwaka 1996 nchi 33 zikaanzisha Mapatano ya Wassenaar, yaliyopewa jina la mji wa Uholanzi. Katika nchi hizo 33 hapakuwamo hata moja ya Afrika. Hata hivyo mambo haya hayako mbali na Kiplombe: Eldoret kuna kiwanda cha risasi cha serikali ya Kenya, kilichojengwa katika miaka ya 1990 kwa mitambo na ujuzi wa kampuni ya FN Herstal ya Ubelgiji.

Sasa turudi kwenye gunia letu. Tarehe 14 Oktoba 2017 bomu lililokuwa ndani ya lori liliua watu zaidi ya 500 mjini Mogadishu. Tarehe 15 Novemba 2019 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2498. Liliyataka mataifa yote yazuie kuuzwa Somalia vitu fulani, nitrati ya amonia ikiwa mojawapo, pakiwa na ushahidi wa kutosha kwamba vitatumiwa kutengenezea mabomu, au hatari kubwa ya kutumiwa hivyo. Linganisha maneno hayo na ya mwaka 1890. Hapa latitudo peke yake haimhukumu mtu. Hutakiwa ushahidi, na mkulima wa Msomali aliye mwaminifu hana sababu ya kunyimwa mbolea.

Lakini ushahidi haujikusanyi wenyewe. Mwaka 2013 meli iitwayo Rhosus, iliyokuwa ikipeleka nitrati ya amonia Msumbiji, ilikwama Beirut. Tani 2,750 ziliwekwa katika ghala la bandari, barua zikaandikwa, wakubwa wakaarifiwa, wala hapana aliyeziondoa. Tarehe 4 Agosti 2020 zililipuka zikaua watu zaidi ya 200. Mzigo huo ulikuwa na hati zake. Uliokosa ni mtu wa kuzifuata hadi mwisho.

Msomaji, baadhi yenu mtakuwa makarani wa forodha, wengine wenye maduka ya pembejeo, wengine wanakemia au watunga sheria. Siku moja italetwa mbele yako karatasi ya kutiwa sahihi. Uliza mzigo unakwenda kwa nani, kwa kazi gani, na kama wingi wake unalingana na kazi hiyo. Kisha jiulize na wewe: je, yule anayengojea mbolea shambani amepewa nafasi ya kujieleza? Mwaka 1890 hakupewa.