Ugonjwa wa usingizi: kimelea kilichosafiri na watu wanaokimbia

Tarehe 27 Februari 1905 mganga Mwingereza mwenye umri wa miaka 30 alifariki Kasongo, katika Maniema. Jina lake lilikuwa Joseph Everett Dutton. Aliuawa na homa ya papasi, ile inayoitwa pia kimputu. Lakini kilichomleta Kongo kilikuwa kitu kingine. Yeye na mwenzake John Todd walitumwa na shule ya tiba ya Liverpool kuchunguza ugonjwa wa usingizi, ambao wengine huuita malale.

Miaka michache kabla ya hapo, Dutton alikuwa amekiona kimelea cha ugonjwa huo katika damu ya mgonjwa huko Gambia. Ni kiumbe cha seli moja, kidogo sana, hakionekani bila darubini. Viumbe vya namna hiyo huitwa protozoa. Vingi havina ubaya: vimejaa mtoni na kwenye udongo, vinakula bakteria, navyo vinaliwa na wadudu wa maji ambao ni chakula cha samaki. Hiki cha usingizi huishi ndani ya damu ya mtu. Mbung'o akimuuma mgonjwa hukinywa pamoja na damu, na baada ya wiki chache hukipitisha kwa mtu mwingine.

Kimelea hiki ni kivumilivu. Kila mara kinga ya mwili inapokitambua, baadhi yake hubadili ngozi ya juu na kujificha tena. Mtu anaweza kukaa miezi, hata miaka, akilima na kusafiri, kabla hakijaingia kwenye ubongo. Hapo ndipo anaanza kulala mchana, kukesha usiku na kuchanganyikiwa. Asipotibiwa, hufa.

Sasa fikirini hali ya nchi wakati ule. Chini ya mfalme Leopold II watu walilazimishwa kukusanya mpira na kubeba mizigo. Vijiji vilikimbilia msituni, na mashua za moshi zilisafirisha askari na wafanyakazi kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kimelea kilisafiri pamoja nao. Kati ya mwaka 1896 na 1906 ugonjwa huu uliua mamia ya maelfu ya watu katika bonde la Kongo na katika Busoga, Uganda.

Dutton na Todd walifundisha kwamba mgonjwa anaweza kugunduliwa mapema kwa kupapasa matezi ya shingo. Serikali ilifuata ushauri huo, lakini kwa nguvu. Watu walipangwa mstari na kushikwa shingo, wenye ugonjwa wakafungiwa katika lazareti mbali na jamaa zao. Kusafiri kulihitaji karatasi ya mganga. Dawa ya kwanza, atoxyl, ilikuwa na sumu ya arseniki, na baadhi ya waliopewa walipofuka. Basi wengi walipowasikia waganga wanakuja, walikimbia, na kimelea kikakimbia nao.

Hata hivyo, kazi ya timu zilizozunguka kijiji kwa kijiji ilizaa matunda. Karibu na mwaka 1960 wagonjwa walioandikwa katika nchi nzima walikuwa takriban elfu moja kwa mwaka. Kisha uhuru ukafuatwa na vita, fedha zikapungua, timu zikasimama. Mwaka 1998 waliandikwa zaidi ya 26,000. Wengi wao walitibiwa kwa melarsoprol, nayo pia ya arseniki. Karibu mmoja katika kila watu ishirini aliuawa na dawa yenyewe.

Mabadiliko makubwa yalianzia hapa kwetu. Dawa ya vidonge, fexinidazole, ilijaribiwa hasa katika Kongo, na uchunguzi huo uliongozwa na mganga Mkongomani, Victor Kande. Iliruhusiwa nchini Desemba 2018. Inamezwa pamoja na chakula kwa siku kumi, bila sindano. Tangu mwaka huo wagonjwa wanaoandikwa nchini hawafiki elfu moja kwa mwaka.

Lakini kumbukeni mwaka 1960. Ugonjwa ulikuwa karibu kwisha, tukaacha kuutafuta, ukarudi. Leo timu inayopima kijiji haimkuti aliyekimbia kijiji hicho. Kwa hiyo ndugu mlio kambini au kwa jamaa, mkifika kituo cha afya mseme mmetoka wapi, hasa kama kwenu kuna mbung'o. Homa inayokwenda na kurudi, matezi ya shingo yaliyovimba, usingizi usio na saa: ombeni kupimwa damu. Na ninyi viongozi, timu zinapopanga safari zao, waambieni walipo watu waliohama.