Tegu wa Mbwa: Kutoka kwa Simba na Fisi hadi Bomani

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba binadamu aliambukizwa tegu na ng'ombe na nguruwe alipoanza kuwafuga. Uchunguzi wa nasaba za minyoo uliochapishwa mwaka 2001 uliipindua imani hiyo. Jamaa wa karibu wa tegu wetu wanaishi matumboni mwa simba na fisi wa Afrika, na udugu huo umeutangulia ufugaji kwa enzi nyingi. Mababu zetu walipoanza kula nyama ya swala, wakigombania mizoga na wanyama hao, waliingia katika mzunguko usiokuwa wao. Ng'ombe na nguruwe waliambukizwa baadaye, na walioambukiza ni sisi.

Kisha akaja mbwa. Miaka 14,000 iliyopita tayari alikuwa akizikwa pamoja na watu huko Ulaya. Kondoo na mbuzi walianza kufugwa Mashariki ya Kati yapata miaka 10,000 iliyopita. Walipokutana watatu hao, mbwa, kondoo na mchungaji, tegu mwingine alipata makao ya kudumu. Ni mdogo mno, milimita chache tu, naye hamdhuru mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi na kushika kwenye majani, majini na katika manyoya ya mbwa mwenyewe. Kondoo akiyameza, vifuko vya maji huota katika ini na mapafu yake. Mbwa akila viungo hivyo, mzunguko umetimia. Mtu anayemeza yai hushika nafasi ya kondoo, na kifuko chake kinaweza kukua miaka mingi kabla hajahisi maumivu.

Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, aliyajua maini yaliyojaa maji, lakini hakujua chanzo. Mwaka 1684 Mtaliano Francesco Redi alishuku kwamba vifuko hivyo vina uhai. Mwaka 1782 Goeze, mchungaji wa kanisa wa Kijerumani, aliona ndani yake vichwa vidogo vya tegu. Katika miaka ya 1850 mtaalamu wa Kijerumani von Siebold aliwalisha mbwa vifuko vya kondoo, akawakuta na tegu waliokomaa. Mwaka 1863 jaribio hilo lilifanikiwa kwa vifuko vilivyotoka kwa binadamu.

Mmoja wa waliofanikiwa ni Mdenmark Harald Krabbe, aliyekuwa Iceland, nchi ya kondoo wengi na mbwa wengi. Alipasua mbwa 100, akakuta 28 wana tegu huyo. Mwaka 1864 kijitabu chake kuhusu ugonjwa huo wa vifuko kiligawiwa kwa wananchi. Sheria za kudhibiti mbwa zikafuata mwaka 1869 na 1890, na mwaka 1924 Reykjavik ilipiga marufuku ufugaji wa mbwa. Lakini sheria peke yake isingetosha. Kondoo walianza kuchinjwa wakiwa wachanga, kabla vifuko havijakomaa, na katika machinjio badala ya uani. Ugonjwa ukatoweka.

Kandokando ya Ziwa Turkana, ambako wafugaji walifika yapata miaka 5,000 iliyopita, mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1963 watafiti Nelson na Rausch walichapisha uchunguzi wao kuhusu maambukizi ya watu na wanyama nchini Kenya, na kufikia miaka ya 1980 kaskazini-magharibi mwa Turkana ilihesabiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika kuliko zote duniani. Sababu zake zilikuwa za maisha ya kila siku. Mama asiye na maji ya kutosha alimwita mbwa amlambe mtoto aliyejisaidia, na ulimi uleule ambao mbwa alijisafishia nyuma ukagusa uso wa mtoto. Aliyefariki mara nyingi hakuzikwa, hivyo mbwa na bweha waliweza kuambukizwa hata na maiti ya binadamu. Sioni haki kuuita huo uzembe: penye uhaba wa maji, mbwa alikuwa mlezi.

Mwaka 1983 shirika la afya la AMREF lilianzisha mpango wa udhibiti: mbwa walipewa dawa, wasio na wenyewe wakapunguzwa, na wagonjwa wakatafutwa vijijini kwa mashine za altrasaundi. Maambukizi yalipungua. Hata hivyo Mturkana huhama na mifugo yake kufuata malisho, wala mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia haimzuii bweha.

Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 1 wanaishi na magonjwa ya jamii hii ya tegu. Dawa ya albendazoli ipo, upasuaji upo, chanjo ya kondoo ipo. Mfugaji wa Turkana angali anahitaji maji karibu na boma, dawa ya mbwa inayofika kwa wakati, na mahali pa kuchinjia ambapo ini bovu litafukiwa shimoni, mbwa asilipate.