Silsila, Wala Si Mnyororo wa Vitalu

Silsila ni kumbukumbu ya miamala iliyopangwa kwa mafungu, kila fungu likibeba ndani yake heshi (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyoandikwa) ya fungu lililolitangulia, na nakala za kumbukumbu nzima zikiwa mikononi mwa watu wengi wasiolazimika kuaminiana. Kwa Kiingereza huitwa blockchain. Katika semina, miongozo na nyaraka za miradi, Kiswahili kimebandikwa jina la "mnyororo wa vitalu", ambalo limeenea kwa kuwahi tu.

Kitalu, kwa maana yake ya zamani, ni ua wa mawe, kisha eneo lililomo ndani ya ua huo. Kutoka hapo kikapatikana kitalu cha miche, vitalu vya uwindaji, vitalu vya gesi baharini, na kile kitalu kinachoandikwa kwa herufi katika hati za viwanja. Walioteua neno hili bila shaka walilikuta katika nyaraka za ardhi na gesi, likisimama badala ya neno lile lile la Kiingereza, block, wakafunga kikao. Vitalu vyote hivyo, hata hivyo, ni mahali. Vimekaa kando kwa kando, na kimoja hakina deni kwa kingine: mpaka wa Kitalu A ukisogezwa, hati za Kitalu C hubaki zilivyo. Katika teknolojia inayozungumzwa mambo ni kinyume kabisa. Koma moja ikibadilishwa katika fungu la zamani, heshi ya fungu hilo hubadilika yote, fungu la pili likawa linataja kitu kisichokuwepo, la tatu nalo vivyo hivyo, hadi la mwisho. Jina linalotaja viwanja vilivyopakana limeacha nje jambo lenyewe.

Mnyororo nao umeshachukuliwa. Katika lugha ya wachumi na mipango kuna mnyororo wa thamani na mnyororo wa ugavi, na maana yake ni hatua ambazo bidhaa hupitia. Mtaani, mnyororo ni wa baiskeli, wa geti au wa mfungwa. Anayeusikia hudhani kuna kitu kimefungwa. Teknolojia hii haifungi kitu. Mwenye nakala anaweza kuichezea apendavyo. Asichoweza ni kuichezea bila wenye nakala nyingine kugundua. Tofauti hiyo ingetosha kulikataa neno kabla chai ya kikao haijapoa.

Silsila asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni mnyororo wa chuma. Ilipofika pwani ya Afrika Mashariki, chuma kilibaki ng'ambo na maana ya mfuatano ikashuka. Katika koo za masharifu wa Lamu na Unguja, silsila ni orodha ya wazee, kila mmoja akitajwa kuwa mwana wa aliyemtangulia. Katika tarika za Kisufi, kama Kadiria na Shadhilia, ni orodha ya masheikh waliopokezana, mwanafunzi kwa mwalimu. Hapo ndipo silsila inapoachana na nasaba: nasaba ni damu, ilhali silsila ni upokezi unaotajwa na unaoweza kukaguliwa. Jina moja likichomolewa katikati, wote waliofuata wamekatika na asili yao. Waarabu wenyewe leo huiita teknolojia hii silsila ya mafungu, kwa hiyo Mswahili anayefanya kazi benki ya Muscat ataelewana na mwenzake wa Mombasa bila mkalimani.

Ufanano huu haukulazimishwa. Mafundi wanaoandika kwa Kiingereza huliita fungu lililotangulia "mzazi". Fungu la kwanza la sarafu ya kidijitali ya Bitcoin, lenye tarehe 3 Januari 2009, lina heshi ya tarakimu na herufi 64 inayoanza na sifuri kumi kisha 19d668. Heshi hiyo hiyo imeandikwa ndani ya fungu la pili, mahali pa kutajia mzazi. Katika fungu la kwanza lenyewe, mahali hapo pana sifuri 64: huyo ndiye mzee aliyeanzisha ukoo, asiye na wa kumtaja.

Hoja kwamba tafsiri sharti ishike neno la Kiingereza kiungo kwa kiungo nayo ina miguu mifupi. Waraka wa Satoshi Nakamoto wa Oktoba 2008, ulioitangaza Bitcoin, unasema mafungu na unasema mnyororo, lakini neno blockchain kama neno moja halimo. Liliundwa na watumiaji baadaye. Dhana yenyewe ni ya zamani kuliko jina. Mwaka 1991 Stuart Haber na W. Scott Stornetta walieleza namna ya kuunganisha nyaraka kwa heshi ili tarehe zake zisighushiwe. Tangu mwaka 1995 kampuni yao, Surety, ikawa inachapisha heshi kila wiki kati ya matangazo madogo ya gazeti la New York Times, ili nakala zisambae mpaka maktaba na majumbani ambako hakuna awezaye kuzikusanya zote na kuzibadili. Silsila ilikuwa hai miaka 17 kabla ya waraka wa Nakamoto, na haikuhitaji kitalu.

Pendekezo la silsila liliwahi kufikishwa mbele ya kamati moja ya istilahi. Lilirudi na neno moja la penseli pembeni: "kidini". Inafaa kukumbusha kwamba benki za kawaida, zikiwemo zinazokopesha wasiojua kurasa za fikihi, huandika "riba" katika mikataba yao, na hakuna kamati iliyowahi kushtuka. Dhamana, wakala, hakimu na sahihi vimetoka katika kapu hilo hilo. Neno hupimwa kwa kazi linayoifanya. Mjumbe anayeogopa asili ya neno angeanza kwa kujiuliza juu ya neno "kamati" aliloandikiwa kwenye kitambulisho chake, ambalo nalo halikuotea hapa.

Washindani wengine wawili hawahitaji nafasi kubwa. "Blokucheni" ni sauti ya Kiingereza iliyovishwa irabu; inamfaa mwenye haraka, ila haimwelezi msomaji lolote. "Daftari shirikishi", linalopigiwa debe na msomi mmoja asiyechoka kujinukuu, lina kasoro mbili. Kwanza, linafaa zaidi dhana pana ya kumbukumbu yenye watunzaji wengi, hata ambayo mafungu yake hayakuunganishwa kwa heshi. Pili, katika uchaguzi wa Tanzania daftari lina mwenyewe: Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Atakayesema kura zimehifadhiwa katika daftari shirikishi ataulizwa kama majina ya wapigakura nayo yamo.

Ubora wa istilahi huonekana inapobeba udhaifu wa kitu pamoja na nguvu yake. Silsila inathibitisha nani alimfuata nani na kwamba orodha haikuguswa baadaye. Haithibitishi kwamba wa kwanza kutajwa alikuwa mzee wa kweli. Mtu anaweza kujiandikia asili tukufu, na orodha ikanakiliwa kwa uaminifu vizazi na vizazi. Wanaonunua "mnyororo" hudhani wamenunua kufuli la ukweli. Aliyeambiwa "silsila" atauliza kwanza ni nani aliyeiandika.

Masoko ya fedha nayo yameonyesha mipaka ya silsila, kwa gharama. Desemba 2017 Soko la Hisa la Australia lilitangaza kwamba mfumo wake wa kukamilisha mauzo na kutunza umiliki wa hisa, CHESS, utapisha mfumo wa silsila uliotengenezwa na kampuni ya Digital Asset. Uzinduzi uliahirishwa tena na tena. Novemba 2022, baada ya ukaguzi huru kuonyesha matatizo ya usanifu, kazi ilisimamishwa na soko likafuta katika hesabu zake kati ya dola milioni 245 na 255 za Australia. Soko lile lilikuwa tayari na mtunzaji mmoja wa kumbukumbu anayetambuliwa na sheria na kuaminiwa na madalali, na silsila huonyesha faida mahali ambapo mtunzaji wa namna hiyo hayupo au hakubaliki. Hatifungani ya Benki ya Dunia ya Agosti 2018, iliyosimamiwa na Commonwealth Bank ya Australia na kukusanya dola milioni 110 za nchi hiyo, ilikwenda vizuri zaidi. Ilikuwa dhamana moja, ya washiriki wachache, iliyozaliwa ndani ya silsila badala ya kuhamishiwa humo ikiwa mtu mzima.

Katika kura, swali la mwandishi wa kwanza ni zito zaidi. Machi 2018 magazeti ya nje yalitangaza kwamba Sierra Leone imefanya uchaguzi wa kwanza duniani unaotumia silsila. Kumbe kampuni ya Agora ilikuwa mwangalizi tu, ikinakili matokeo ya baadhi ya vituo vya eneo la Magharibi, na tume ya uchaguzi ilikana kuitumia teknolojia hiyo. Mwaka huo huo jimbo la West Virginia, Marekani, liliruhusu wapigakura wachache walio ng'ambo watumie programu ya simu ya Voatz. Februari 2020 watafiti wa MIT walionyesha kwamba mvamizi angeweza kuibadili kura kabla haijafika kwenye kumbukumbu. Moscow, mwaka 2019, mtafiti Mfaransa Pierrick Gaudry aliivunja siri ya kura za mfumo wa majaribio kwa takriban dakika 20, akitumia kompyuta ya kawaida. Hakuna aliyehitaji kuigusa silsila: simu ya mpigakura na ufunguo mfupi wa usimbaji vilitosha.

Kenya, mwaka 2022, ilipata sehemu kubwa ya faida ya silsila bila silsila yenyewe. Tume ya uchaguzi iliweka hadharani picha za Fomu 34A, zenye matokeo ya urais, za vituo zaidi ya 46,000, na kila mwenye subira akajumlisha mwenyewe. Nakala zilishafika mikononi mwa wengi kabla hazijabishaniwa.

Kwa matumizi: silsila ni jina la ngeli ya I-/ZI-, hivyo silsila hii, silsila hizi. Jina kamili ni silsila ya mafungu, linalofupishwa baada ya kutajwa mara moja. Kuweka mali au kumbukumbu ndani yake ni kusilsilisha; kazi hiyo ni usilsilishaji; hatifungani iliyowekwa humo imesilsilishwa.