Upasuaji wa Ugumba wa Kiume

Kabla ya kushika kisu, daktari hutaka kujua jambo moja: mbegu hazitengenezwi, au zinatengenezwa zikakwama njiani? Kipimo cha shahawa, homoni za damu na vidole vinavyopapasa korodani ndivyo vinavyompa jibu.

Tatizo linalopasuliwa zaidi ni varikoseli, yaani vena za korodani kuvimba na kujikunja. Takriban asilimia 15 ya wanaume wanayo, lakini miongoni mwa wasiowahi kumpa mwanamke mimba hufika 35 hadi 40. Kwa kawaida hujitokeza kushoto, kwa kuwa vena ya upande huo huingia kwenye vena ya figo kwa pembe mraba na damu hurudi nyuma kirahisi. Katika miaka ya 1950, W. Selby Tulloch wa Edinburgh aliripoti mwanamume asiye na mbegu hata moja aliyepata mtoto baada ya upasuaji huo. Siku hizi mpasuaji huchana sentimita mbili tatu kwenye kinena, kisha kwa darubini hufunga vena na kuacha ateri na mishipa ya limfu. Akifunga na limfu, mgonjwa hupona varikoseli lakini huenda akapata busha! Majibu nayo yanataka subira: mbegu huchukua kama siku 74 kutengenezwa, hivyo shahawa hupimwa tena baada ya miezi 3.

Aliyefunga uzazi kisha akaoa tena anaweza kufunguliwa. Tundu la mrija wa mbegu halizidi nusu milimita, na uzi wa kuushonea ni mwembamba kuliko unywele. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1991 uliwakuta waliofunguliwa kabla ya miaka 3 wakirudiwa na mbegu kwa asilimia 97, na mimba asilimia 76. Waliokaa miaka 15 au zaidi walipata 71 na 30.

Korodani yenyewe ikiwa dhaifu, kazi hugeuka kuwa ya kuokota mbegu. Mwaka 1999 Peter Schlegel wa New York alieleza namna ya kufungua korodani chini ya darubini na kuchagua vijirija vilivyonenepa, ambamo huenda mna mbegu. Ikipatikana, hudungwa ndani ya yai maabarani. Wenye kromosomu XXY hufanikiwa karibu nusu yao, matokeo ambayo zamani yasingefikirika. Ila aliyekosa eneo lote la AZFa au AZFb kwenye kromosomu Y hana cha kuokotwa, ndiyo maana kipimo cha jeni hutangulia tarehe ya upasuaji.